Mume wangu anataka tuhamie kwao Hamburg, na mama yangu ananitegemea mimi

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Muheza, na ni muuguzi katika hospitali ya serikali mjini Tanga. Mume wangu ni Mjerumani aliyekuja nchini kufanya kazi katika mradi wa maji. Tulifahamiana hapa hapa Tanga, tukafunga ndoa ya bomani, na Mungu akatujalia binti ambaye sasa ana miaka sita. Mume wangu anazungumza Kiswahili vizuri, kiasi kwamba wachuuzi wa Mgandini walikwisha kuacha kumpandishia bei, na kwa jumla sina malalamiko juu ya mwenendo wake ndani ya nyumba.

Mkataba wake unakwisha Aprili mwakani na hautaongezwa. Aidha, baba mkwe wangu, anayeishi Hamburg, alipata kiharusi mwaka jana, na wifi yangu anaishi mbali, kusini mwa nchi yao, kwa hiyo mume wangu anaona kwamba zamu ya kumwangalia mzee ni yake. Anataka tuhame sote. Anasema twende kwa kujaribu tu, miaka miwili, na tukiona hapatufai tutarudi. Sipingi kumuuguza mkwe, maana hata kwetu ni wajibu, na hiyo ndiyo kazi yangu. Ninachokiogopa ni kwamba nitaacha kazi niliyoisomea, nifike mahali nisipojua lugha, niwe mzigo kwa mtu ambaye hapa tulikuwa tukisaidiana.

Kilichoniumiza zaidi kilitokea mwezi uliopita. Aliniita mezani anionyeshe bajeti ya Hamburg aliyoipanga kwenye kompyuta. Kodi ya nyumba, umeme, bima, chakula na usafiri vilikuwa na mistari yake juu kabisa. Shilingi 150,000 ninazompa mama yangu kila mwezi, kwa ajili ya dawa za shinikizo la damu na ujira wa binti anayemsaidia kazi za nyumbani, nilizikuta chini kabisa, katika kundi la matumizi ya hiari, katikati ya safari za mapumziko na tiketi za mpira. Nilipomuuliza, alijibu kwa utulivu kwamba hakuna tusi hapo, ni hesabu tu, kwamba mwaka wa kwanza sitakuwa na mshahara, na kwamba mama anaweza kusubiri hadi tutakapotulia. Usiku ule nililala chumba cha mtoto.

Upande wa kwetu nako hakuna nafuu. Kaka yangu amekwisha kuniagiza gari, na mama wadogo wananipongeza kana kwamba nimepata ajira Ulaya. Mama mwenyewe hasemi lolote, huuliza tu kama huko kuna baridi sana. Je, nikatae? Nimwache mume wangu aende peke yake, mimi nibaki na mtoto? Au niende, nikawe mtu wa kuomba nauli?

Muuguzi, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Ndani ya barua yako mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni kama mwende Ujerumani, na la pili ni kama wewe, ukishafika huko, utaendelea kuwa mtu mwenye kauli katika nyumba yako. La kwanza nakujibu bila kuzunguka: nendeni. Mkwe wako ni mgonjwa, mkataba wa mumeo unakwisha, na kuishi mbalimbali na mtoto wa miaka sita katikati yenu ni jambo ambalo nisingelishauri pale ambapo ndoa yenyewe, kwa maelezo yako, ni nzima. La pili ndilo lenye kazi, na linapaswa kumalizwa hapo Tanga kabla ya tiketi kukatwa, kwa sababu leo nyumba yenu ina mishahara miwili na kila mmoja wenu anaweza kusema hapana na akasikilizwa.

Tuanze na ile bajeti. Siamini kwamba mumeo alikusudia kumdharau mama yako. Alikokulia, uzee na ugonjwa wa mzazi hubebwa kwa sehemu kubwa na makato ya lazima ambayo kila mfanyakazi hukatwa kabla hajaushika mshahara wake: pensheni, bima ya afya na, tangu mwaka 1995, bima maalum ya kuwatunza wazee na wagonjwa wasiojiweza, ambayo kwa hakika inasaidia kulipia uangalizi wa mtu kama baba yake baada ya kiharusi. Mfanyakazi wa Kijerumani, kwa hiyo, huwatunza wazee kila mwezi bila kujiona akitoa kitu, na akiombwa fedha mkononi kwa ajili ya mzazi huziona kama zawadi. Mama yako wa Muheza hana makato ya mtu yeyote yanayomjia. Makato yake ni wewe. Mweleze mumeo hivyo, kwa lugha ya hesabu aliyoichagua mwenyewe, kisha umwombe auhamishe mstari wa mama ukae juu, jirani na bima, kwa kuwa ndipo mahali pake.

Ukishamaliza hilo, mwonyeshe ukubwa wa fedha yenyewe. Shilingi 150,000 ni takriban euro 50. Tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma inayotumika Ujerumani nzima iliuzwa euro 58 mwaka 2025, na posho ambayo serikali yao humlipa mzazi kwa ajili ya kila mtoto ilikuwa euro 255 kwa mwezi mwaka huo huo. Kodi ya nyumba ya kutosha familia mjini Hamburg hupita euro 1,000 bila shida, kwa hiyo nakubaliana na mumeo kwamba mwaka wa kwanza utabana. Hata hivyo, nyumba inayoweza kulipa kodi hiyo haiokolewi kwa kumkatia mama dawa za presha. Wewe ni muuguzi na unajua kuliko mimi matokeo ya mgonjwa wa presha anayeambiwa asubiri hadi watu watulie.

Lipo pia jambo ambalo mume anayependa majedwali atalifurahia. Sheria ya kodi ya Ujerumani humruhusu mlipakodi kuombea unafuu fedha anazompa mzazi wake, au mzazi wa mwenzi wake, aliye nje ya nchi na asiyejimudu, kwa kiwango kinachopunguzwa kulingana na gharama za maisha za nchi anakoishi mzazi huyo. Zinahitajika fomu ya kuthibitisha hali ya mzazi na ushahidi wa malipo, na tangu mwaka 2025 fedha taslimu hazikubaliwi, ni lazima zipitie benki. Mfungulieni mama akaunti yake sasa, kwa jina lake, na msizoee kumpa bahasha mtu anayesafiri.

Kwa upande wako nawe, mume ana haki ya kudai mipaka. Fedha ya dawa na ya msaidizi wa mama ni wajibu, na iandikwe hivyo. Ada ya mtoto wa binamu, mchango wa harusi na mtaji wa duka la shemeji ni misaada, nayo itolewe katika fungu moja la mwaka mnalolijua nyote wawili, na likikwisha, limekwisha. Kwa ugonjwa mkubwa na msiba tengeni akiba ya pembeni, kwa sababu mambo hayo hayangoji kikao. Wanandoa wengi wa aina yenu hugombana si kwa sababu ya kiasi kinachotumwa, bali kwa sababu mmoja hukisikia kwa mara ya kwanza kikiwa kimekwisha kutumwa. Waite pia ndugu zako, mapema, uwaambie waziwazi kwamba wewe unatoa fedha na wao watatoa miguu. Nani atampeleka mama kliniki? Nani atalala kwake akizidiwa? Majina yatajwe mbele ya mama mwenyewe.

Chunguza na kadi yake ya matibabu. Ikiwa umemwandikisha kama mtegemezi wako katika bima ya afya kupitia ajira yako serikalini, kuacha kwako kazi kunaweza kumwacha bila kadi, na hilo ni pigo kubwa kuliko hizo shilingi 150,000. Uliza ofisi ya bima kabla ya kuandika barua yoyote kwa mwajiri.

Sasa hili la kujaribu miaka miwili. Binafsi silipendi, na si kwa sababu ni kidogo tu. Jaribio lisilo na kipimo huisha pale mwenye kipato anaposema limeisha. Hesabu uone: mgeni asiyejua Kijerumani hupelekwa kwenye kozi ambayo kwa kawaida ina saa 600 za lugha na saa 100 za kuifahamu nchi, akilenga ngazi ya B1 (ngazi za lugha hupanda kutoka A1, ya wanaoanza, hadi C2), muuguzi huhitajika kufika B2, kisha huja utaratibu wa kukitambua cheti chako. Miaka miwili ikitimia ndiyo kwanza utakuwa unavaa sare, na binti yako atakuwa anaota kwa Kijerumani. Kuna na upande wa sheria. Mwenzi wa Mjerumani hupata haki ya ukaazi inayosimama yenyewe, isiyotegemea kuendelea kwa ndoa, baada ya miaka mitatu ya kuishi pamoja kama wanandoa nchini humo, isipokuwa pale penye madhila makubwa kama ukatili wa nyumbani. Kwa kuwa binti yenu ana uraia wa baba yake, unayo njia nyingine ya kubaki kupitia malezi yake, lakini bado ningependa uifikie ile miaka mitatu ukiwa mtulivu.

Kwa hiyo mwambie mumeo mweke miaka mitatu, na muandike kwenye karatasi mambo mtakayoyatazama siku ikifika: kama umepata kazi ya uuguzi, hali ya baba mkwe, hali ya mama yako, na maendeleo ya mtoto. Kila mmoja awe na haki ya kusema turudi, na siyo yule tu atakayekuwa na mshahara. Pamoja na karatasi hiyo iwepo akaunti ya benki kwa jina lako peke yako, yenye nauli yako na ya mtoto pamoja na fedha za kuanzia maisha kwa miezi michache, na ijazwe kuanzia sasa kutoka katika mshahara wake. Usione haya kulidai. Yeye ndiye anayerudi kwao, wewe ndiye unayeacha ajira, na gharama ya safari hiyo haiwezi kuangukia kwenye kazi yako peke yake.

Umesema unaogopa kuwa mzigo. Neno hilo lifute hata kwenye mazungumzo ya kawaida. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kukubali mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, na sheria ya kawaida ya Ujerumani nayo hutazama ongezeko la mali ya kila mwenzi tangu siku ya ndoa na kulisawazisha wanapoachana, hata kama mmoja hakuwa na mshahara. Mwaka utakaoutumia kujifunza lugha huku ukimgeuza baba mkwe kitandani, kazi ambayo huko hulipwa kwa saa, hauwezi kuitwa mwaka wa kulishwa.

Kuhusu kazi yenyewe una nafasi nzuri kuliko unavyodhani, kwa sharti kwamba nyaraka zako uzikusanye ukiwa nyumbani. Nenda Baraza la Uuguzi na Ukunga upate uthibitisho wa usajili na wa mwenendo mzuri wa kitaaluma, na nenda chuoni kwako ukaombe orodha ya masomo inayoonyesha saa za darasani na saa za wodini, kwa sababu mamlaka ya huko hulinganisha saa na saa. Orodha hiyo kuiombea ukiwa Hamburg, kwa simu, kupitia karani ambaye amehama ofisi, ni adhabu. Wakikuta pengo kati ya mafunzo yako na yao, watakutaka upitie kipindi cha mafunzo ya kuziba pengo au ufanye mtihani, na wakati ukisubiri unaweza kufanya kazi ya usaidizi wa wauguzi, kwa kuwa kibali cha ukaazi cha mwenzi wa Mjerumani humruhusu kufanya kazi tangu mwanzo. Barua ya kuacha kazi usiiandike kwanza. Uliza kama likizo bila malipo inawezekana, na michango yako ya pensheni iache ilipo.

Viza inahitaji cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1, nacho wengi hukipata kwa kufanya mtihani wa Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani iliyoko Dar es Salaam, ambao hufaulu mwenye alama 60 kati ya 100. Anza darasa mwezi huu. Ukifaulu usipumzike, endelea na ngazi inayofuata, kwa sababu hapa unajifunza ukiwa na mshahara, na kila ngazi utakayoimaliza Tanga ni miezi utakayoiokoa Hamburg. Mumeo aanze kuzungumza nawe Kijerumani saa moja kila jioni. Bima ya afya isikutishe, maana ikiwa yeye atakuwa katika bima ya umma, mwenzi asiye na kipato na mtoto huingizwa humo bila mchango wa ziada.

Siku utakapoanza kulipwa, angalia daraja la kodi. Wanandoa huko huchagua jinsi makato ya kila mwezi yatakavyogawanywa, na mara nyingi mume mwenye mshahara mkubwa hupewa daraja la tatu na mke daraja la tano, hivyo hati ya mshahara ya mke huonyesha fedha kidogo mno, naye akaamini kwamba kazi yake haina maana. Kodi ya mwaka mzima haibadiliki kwa mgawanyo huo, lakini baadhi ya mafao, kama posho ya mzazi anayelea mtoto mchanga, hupimwa kwa kile kinachobaki mkononi. Ombeni wote wawili daraja la nne.

Juu ya mtoto nitasema kwa ufupi ingawa ndilo zito. Mkishahamia huko na akaanza shule, makazi yake yatahesabiwa kuwa ni Ujerumani, na kumrudisha Tanzania bila idhini ya baba yake kunaweza kuwa kosa mbele ya sheria zao. Ndiyo maana nakusisitizia lile karatasi la miaka mitatu lizungumzie na yeye. Kwa sasa anaweza kushika uraia wa nchi zote mbili, ila sheria ya Tanzania itamtaka achague akifikisha miaka 18. Mzungumzie Kiswahili kila siku, na mumeo aendelee vivyo hivyo. Wewe mwenyewe, usivutwe na pasipoti. Ujerumani iliacha kudai watu waukane uraia wao wa awali tangu Juni 27, 2024, lakini sheria yetu bado humwondolea uraia mtu mzima anayechukua wa nchi nyingine, na kama una kiwanja Muheza kwa jina lako, umiliki wa ardhi umefungamana na uraia huo. Kibali cha ukaazi wa kudumu kitakutosha kwa mahitaji karibu yote. Ukija kufikiria zaidi ya hapo, mwone wakili kwanza, akueleze pia hii hadhi maalum ya diaspora inayozungumzwa.

Kitu kimoja hukukiandika, nami nimekiona. Miaka yote hii wewe ndiye umekuwa daraja la mumeo: umemweleza kwa nini haondoki msibani bila kula, kwa nini mjomba hupigiwa simu kabla ya uamuzi, kwa nini mgeni haulizwi atakaa siku ngapi. Huko kazi hiyo itageuka iwe yake, na sina hakika kama anajua ukubwa wake. Atakuwa nyumbani, ataelewa utani wa mezani kwa wakwe, atacheka, na wewe utakuwa umekaa na uma mkononi ukitazama midomo. Desemba, saa kumi jioni jua limekwisha kuzama. Jumapili maduka yamefungwa na jirani hapendi kelele, na mtu akitaka kuja kukutembelea atakuuliza wiki mbili kabla. Mwambie sasa kwamba utamhitaji atafsiri mezani bila kusubiri kuombwa, na kwamba simu yako ya saa nzima na mama si uvivu. Hamburg ni mji dada wa Dar es Salaam tangu mwaka 2010 na Watanzania wapo. Watafute kabla ya kufika, wewe mwenyewe, ili marafiki wako wasiwe marafiki wa mumeo pekee.

Hayo yote mpelekee kwa mpangilio huu: kwanza mstari wa mama, kisha karatasi la miaka mitatu na akaunti, kisha masomo. Akiyakubali mawili ya mwanzo kwa moyo, jaza fomu za viza. Akikataa kuyazungumza, mwache atangulie akamwone baba yake, nawe uendelee na darasa la Kijerumani na kazi yako hadi atakapokuwa tayari kukaa mezani tena.

Kaka yako aliyeagiza gari hahitaji maelezo marefu. Mwambie kwamba ninyi wenyewe mtakuwa mkipanda treni, na kwamba zamu yake ya kumpeleka mama kliniki inaanza Aprili.